Siku nne kwenye vilabu vya Waingereza, mimi na shemeji asiyekunywa

Nimerudi Moshi wiki ya tatu sasa na ndio kwanza napata nafasi ya kupanga hizi noti, nyingi niliandika kwenye simu mkono mmoja ukiwa na glasi kwa hiyo kuna sehemu hata mimi mwenyewe sielewi niliandika nini, picha ndio zimenisaidia. Nilikuwa Uingereza mwezi wa kumi kumsalimia dada yangu, anaishi Southampton na mume wake ambaye ni mtu wa Lushoto. Shemeji hanywi, hajawahi na hana mpango. Ila nilivyosema nataka kwenda kuona pabu za vijijini, yaani vilabu vyao vya pombe, zile za bia ya asili na saida, pombe ya matufaa, akasema shem siwezi kukuachia uende peke yako utapotea huko mashambani, na kweli bila yeye ningepotea.

Mimi ni wa Kibosho, nimekulia nyumba ambayo bibi alikuwa anapika mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, kila wiki na kilabu ilikuwa ni uani kwetu. Kwa hiyo sikwenda kutafuta kulewa, kulewa hata hapa kunapatikana na kwa bei nafuu. Nilitaka kuona hao wenzetu pombe yao ya kienyeji inakaaje.

Siku ya 1, Ijumaa: Southampton, Wareham, Swanage

Gari la shemeji lilikuwa gereji kwa hiyo tukapanda treni kwenda Wareham, mkoa wa Dorset. Kwa kawaida ni saa moja na kidogo. Siku hiyo treni ilisimama katikati ya msitu dakika hamsini, tangazo likasema kuna tatizo la taa za reli, abiria wote wakapiga kimya wanasoma vitabu vyao, hakuna aliyelalamika, ningekuwa kwenye basi la Arusha pale kondakta angeshatafutwa. (Ukichelewa hivyo usitupe tiketi, unaomba fidia mtandaoni na wanarudisha sehemu ya nauli, shemeji aliijaza fomu hapo hapo akiwa amekaa.)

Wareham tukaingia pabu ya kwanza tuliyoiona, njaa kali. Tukakaa mezani. Tukangoja. Dakika kumi, ishirini, wahudumu wanapita na wanatabasamu tu, hakuna anayekuja. Nikaanza kuwaza mambo mengine kabisa, mnajua mtu mweusi akikaa sehemu asihudumiwe akili inakwenda wapi. Mpaka mama mmoja wa meza ya pili akainama akatuambia kwa upole, wapenzi, hapa mnaenda wenyewe kuagiza kaunta. Tukacheka. Kwenda kaunta tukaambiwa jiko limefungwa saa nane na nusu, sasa ni saa tisa kasoro. Tukala karanga na kripsi.

Wasafiri wenzangu shikeni hilo: pabu ya Uingereza unaagiza mwenyewe, unalipa hapo hapo, unabeba mwenyewe, na bakshishi hawategemei. Chakula cha mchana kina mwisho, usijiamini. Na hata kama hakuna foleni ya kuonekana, watu wote wanajua nani alifika kwanza, ukimruka mtu hawatasema kitu ila utaona macho.

Basi namba 40 kutoka Wareham hadi Swanage tulilipa pauni 3 kwa kichwa, mimi nilikuwa nahesabu pauni moja ni kama shilingi 3,400 kwa hiyo fanyeni wenyewe. Kaa ghorofa ya juu mbele kabisa. Njiani unapita chini ya magofu ya ngome ya Corfe juu ya kilima, yamekaa kama meno yaliyooza, hiyo ngome iliripuliwa kwa baruti mwaka 1646 baada ya watu wa Bunge kuwashinda watu wa mfalme, na mawe yake mengi wanakijiji wakabeba kujengea. Gesti ya Swanage pauni 90 chumba cha vitanda viwili na chai ya asubuhi. Mwenye nyumba alivyoona raba zangu nyeupe akauliza kesho mnakwenda wapi, nikamwambia, akatikisa kichwa.

Siku ya 2, Jumamosi: kwa miguu hadi Worth Matravers

Hii ndio siku yenyewe.

Swanage kuna treni ya zamani ya mvuke inayoendeshwa na watu wa kujitolea, shemeji alikuwa ameikodolea macho tangu jana, kwa hiyo tukaipanda mpaka kituo cha Harman's Cross kisha tukaanza kutembea kwenda kijiji cha Worth Matravers. Kwenye ramani ni kama kilomita tatu na nusu. Kwenye ramani hakuna tope. Njia za miguu kule zinapita katikati ya mashamba ya watu kihalali kabisa, unafungua geti la mkulima, unafunga, unapita katikati ya ng'ombe wake na hakuna anayekuuliza wewe nani. Mvua ya manyunyu ikaanza, mtandao ukakata, tukashuka bonde ambalo hatukutakiwa kushuka. Raba zangu zikawa na rangi ya mwenye nyumba kutikisa kichwa.

Tukakutana na mzee ana mbwa wawili. Hakutuelekeza kwa kidole, aligeuza safari yake akatembea na sisi karibu nusu saa mpaka tukaona kanisa, njia nzima anamweleza shemeji majina ya majani. Alivyofika akasema haya pabu ile pale, akageuka kurudi alikotoka. Nikamwambia njoo nikununulie moja, akasema mke wake anamsubiri na akichelewa atakula mbwa sahani yake.

Pabu yenyewe inaitwa Square and Compass, yaani skwea na bikari, vifaa vya fundi mawe, maana eneo lote hili la Purbeck watu waliishi kwa kuchimba na kuchonga mawe. Iko chini ya ukoo mmoja, akina Newman, tangu 1907. Nje meza ni mabamba ya mawe tu yamewekwa juu ya mawe mengine, kuku wanazunguka miguuni, mbele mashamba yanashuka mpaka bahari. Nilisimama pale nikasema shem, hapa ni nyumbani. Kuku, ukungu, mawe, watu wamekaa na makoti ya mvua wanakunywa nje kwenye baridi. Kibosho mwezi wa saba.

Ndani hakuna kaunta. Kuna korido nyembamba na kidirisha, unasimama kwenye foleni kama unachukua dawa hospitali ya wilaya, ukifika unachungulia unaona mapipa yamelala nyuma yake na bia inafunguliwa bomba kutoka kwenye pipa moja kwa moja kuingia kwenye glasi. Chakula ni pasti tu, zile kama sambusa kubwa ya kuoka ya nyama na viazi au ya mboga, zinatunzwa kwenye moto hapo hapo. Hakuna menyu ya kukuchanganya. Painti moja na pasti moja ilitaka kufika pauni 10, sasa kwa hela hiyo kilabuni kwetu unanywesha meza nzima na unabaki na ya bodaboda, lakini nilishakubali tangu nyumbani kwamba nisibadilishe hela kila nikinywa maana ningekufa na kiu.

Painti ni mililita 568. Usione aibu kuagiza nusu, na ukiomba kuonja kidogo kabla ya kununua wanakupa bure.

Sasa hii bia. Watu wanasema bia ya Waingereza ni ya moto, si kweli. Wanaitunza kwenye nyuzijoto 11 mpaka 13, ni ubaridi wa maji ya mtungini, si wa friji. Ukiizoea bia ya chupa inayokukwaruza koo kwa gesi, hii funda la kwanza unaona kama imelala. La pili unaanza kusikia kimea, kama mkate ulioungua kidogo pembeni, halafu nyuma uchungu wa hopsi, maua wanayotia kwenye bia, unabaki kwenye ulimi muda mrefu, na hapo nikashtuka kwa sababu uchungu wa namna hiyo naujua, ni wa gome la mti wa msesewe kwenye mbege.

Nikakaa karibu na moto, pembeni yangu mzee mmoja aliyesema amefanya kazi machimbo ya mawe maisha yake yote, vidole vyake ushahidi. Nikamuuliza kwa nini haina mapovu mengi. Basi ndio akapata wa kumsikiliza. Akasema bia hii inatoka kiwandani bado haijaisha, wanaitia kwenye pipa na hamira yake ikiwa hai, inaendelea kuchachuka humo humo. Ikifika pabu inalazwa itulie siku moja mbili, mashapo yazame chini. Ili yazame haraka wanatia kitu kinachotengenezwa na mfuko wa hewa wa samaki. Nikamwambia ngoja, mabondo? Haya haya ya Mwanza ambayo watu wanauza kwa bei ya dhahabu? Sikuwa na namna ya kumtafsiria bondo ila tuliishia kuchora samaki kwenye karatasi na akasema ndio, hapo. Shemeji akasema kumbe nyie wanywaji mnakunywa supu. (Wasiokula nyama kabisa waulize, siku hizi zipo eli, yaani bia hizi za asili, zisizosafishwa hivyo na zinakuwa na ukungu kidogo.)

Na pipa likishatobolewa, mzee anasema, hewa inaingia na una kama siku tatu. Baada ya hapo inaanza kuwa siki. Kwa hiyo pabu isiyo na wanywaji haiwezi kuuza hii kitu, itamwaga, ndio maana nyingi zinaweka bia za gesi ambazo hazihitaji uangalizi.

Nikamwelezea mbege: ndizi mbivu zinachemshwa mpaka zinakuwa nyekundu, zinaachwa, zinachujwa, unga wa ulezi uliooteshwa unapikwa unaingia mwishoni, na ukishachanganya ni leo na kesho, keshokutwa hiyo imeshakuwa siki. Haisafiri. Huwezi kuipeleka Dar kwenye chupa ikafika ikiwa yenyewe. Mzee akapiga meza kwa kiganja akasema that's it, hivyo hivyo, akaenda kidirishani akaja na painti nyingine yangu na glasi ya juisi ya matufaa ya shemeji, na akakataa hela. Kule raundi ni deni la heshima, nikamrudishia iliyofuata, ndivyo painti mbili zilivyogeuka nne.

Kitu kimoja alichonisimulia nimekiwaza sana. Miaka ya sitini makampuni makubwa yalianza kuiua hii bia, wakaleta ya kuchujwa na kusukumwa kwa gesi kwa sababu inakaa na inasafiri. Mwaka 1971 jamaa wanne wakiwa likizo Ireland wakakasirika wakaanzisha chama cha kuitetea, ndio CAMRA, na tangu 1974 wanatoa kitabu cha pabu nzuri kila mwaka, na hii niliyokaa ni moja ya tano tu ambazo hazijawahi kukosekana humo. Mnaona sasa. Mtu anavaa fulana ya chama cha kutetea pombe ya kienyeji, ana kadi ya uanachama, na anaheshimika, ni mwalimu, ni daktari. Kwetu ukimwambia mfanyakazi mwenzako Jumatatu kwamba wikendi ulikuwa kilabuni kwa mama fulani anakuangalia kama umeshindwa maisha, na huyo huyo amemwaga laki mbili kwenye bia za chupa ya kijani na gesi. Sisemi tuanzishe chama, nasema nilijisikia vibaya kwa sababu hata mimi nikiwa Dar nilikuwa naona aibu kuitaja mbege ya bibi.

Huo muda wote shemeji alikuwa amehamia chumba cha pembeni, pabu ina kamakumbusho kake ka visukuku, viumbe vya kale vilivyogeuka mawe, amonaiti za baharini kubwa kama sinia, mifupa, vitu vilivyookotwa mashambani na kwenye miamba ya pwani, maana pwani hii ni urithi wa dunia kwa sababu ya miamba yake ya kale. Bure, kuna kisanduku cha mchango. Alirudi akasema hawa wameweka mifupa yao kwenye kilabu, sisi wa Tendaguru yuko Berlin. Mzee wa machimbo akauliza kasema nini, nikatafsiri, mijusi mikubwa ya Lindi ilichimbwa na Wajerumani kabla ya vita ya kwanza na mpaka leo imesimama Berlin, akakaa kimya kidogo akasema hapa pia walibeba mawe yetu wakajengea makanisa ya London, ila angalau walilipa.

Saida niliifikia mwisho na hilo ndilo kosa. Ile tunayoijua ya chupa, ya limao juu, tamu na ina mapovu, sahau. Hii haina mapovu kabisa, rangi ya chai ya rangi, ina ukungu, na wanaitengeneza wenyewe hapo pabu kutokana na matufaa ya eneo hilo. Inakausha mdomo kama umetafuna ganda la ndizi mbichi halafu inaacha harufu nzuri ya tunda nyuma ya pua. Haina kelele. Unadhani unakunywa juisi. Nilivyosimama kwenda msalani miguu ikaniambia tulia.

Kabla giza halijaingia, na siku zile lilikuwa linaingia kama saa kumi na mbili na nusu, shemeji akanitoa nje nipigwe upepo, tukaenda kwenye makaburi ya kanisa. Pale amezikwa mkulima anaitwa Benjamin Jesty. Mwaka 1774 ndui ikiwa imepamba moto, huyu bwana alichukua usaha wa ndui ya ng'ombe akawachanja mke wake na watoto wawili wa kiume kwa sindano ya kufumia soksi, kwa sababu alishaona wakamuaji maziwa hawapati ndui. Miaka zaidi ya ishirini kabla ya daktari Jenner ambaye ndiye tunafundishwa shuleni kuwa mwanzilishi wa chanjo. Majirani wakamzomea. Mke mkono ulivimba ila akapona, watoto wakaishi. Jiwe lake linasema wazi yeye ndiye wa kwanza. Nililiangalia lile jiwe muda mrefu, sehemu kwa heshima na sehemu kwa sababu lilikuwa linacheza.

Teksi hakuna. Narudia, kijiji kile jioni teksi hakuna na basi usilitegemee, panga kurudi kabla hujaagiza ya kwanza. Sisi tuliokolewa na mume na mke waliokuwa pabu, mke ndiye dereva na alikunywa chai tu, wakatuweka nyuma na mbwa wao mkubwa amelowa, wakatufikisha Swanage mlangoni. Gesti yule mama alikuwa ameshaweka magazeti ya zamani barazani. Akachukua raba zangu bila neno akazijaza magazeti, asubuhi zilikuwa kavu.

Siku ya 3, Jumapili

Kichwa. Chipsi za pwani, shakwe mmoja akanipokonya samaki mkononi, basi, treni, nyumbani kulala.

Siku ya 4, Jumamosi iliyofuata: Faulkland, Somerset

Gari lilishatoka gereji, kwa hiyo tukaenda na shemeji anaendesha, hapa ndio faida ya kusafiri na mtu asiyekunywa inaonekana. Pita Salisbury, Warminster, barabara zinakuwa nyembamba mpaka mkikutana na trekta mmoja lazima arudi nyuma, na wa kurudi nyuma huwa anapungiwa mkono kama amefanya jambo kubwa. Pembeni bustani za matufaa, mengi yako chini kwenye majani. Shemeji alikuwa anaumia kabisa, kwao Lushoto tunda hilo linabebwa kwenye tenga kwa uangalifu. Tukasimama kwa mkulima anayeuza kando ya barabara, akatuambia yale ya saida hayachumwi, yanaachwa yaanguke, akaniambia ng'ata. Niling'ata. Machungu! Yana majina mazuri, Kingston Black, Dabinett, ila si ya kula, yanasagwa, yanatandazwa kwenye kitambaa tabaka juu ya tabaka, yanakandamizwa, na juisi inachachuka taratibu msimu wa baridi wote.

Pabu tuliyoifuata inaitwa Tucker's Grave, Kaburi la Tucker, iko njia panda nje ya kijiji. Tucker alijinyonga mwaka 1747, na wakati huo aliyejiua hakuzikwa kanisani, alizikwa njia panda. Ndio jina hilo, na watu wanakunywa tu. Ndani ni vyumba vidogo, moto, mabenchi ya mbao yenye migongo mirefu, na hapa napo hakuna kaunta, mapipa yamepangwa kwenye kidirisha cha ukutani kinachotazama nje, mwenye pabu anainama anakujazia. Wageni wawili wakiingia mnasogeana. Hapo ndio nikaelewa kwamba zile kaunta ndefu za mjini zimekuja baadaye, zamani ilikuwa ni nyumba ya mtu anayepika pombe na akafungua mlango, unakaa sebuleni kwake, na ukileta fujo umeleta fujo kwa mtu. Bibi alikuwa anaonja kwanza kata ya kwanza mbele yetu ndio anakupa. Kule hawaonji, ila mwenye pabu alisimama mpaka nikanywa funda la kwanza ndio akaenda.

Nilikunywa nusu painti mbili tu, nimeshajifunza. Pigeni simu kabla ya kwenda pabu ndogo kama hizi, katikati ya wiki nyingi zinafungua jioni tu au hazifungui kabisa.

Nikanunua saida ya kumpelekea dada, lita kama mbili kwenye dumu la plastiki. Aliyeniuzia akasema maneno mengi kwa lafudhi ya Somerset, niliyoyashika ni kwamba bado iko hai na ninywe mapema. Kuhusu kifuniko nadhani alisema nikilegeze. Mimi kwa kuogopa isimwagike kwenye gari la watu nikakikaza mpaka vidole vikauma, nikaiweka nyuma ya buti karibu na mswala wa shemeji. Kufika nyumbani tukaisahau, nikapanda ndege Jumatatu.

Jumatano shemeji ananitumia sauti WhatsApp, na mpaka leo sijaifuta. Anasema shem, dumu lako limepasuka usiku, mswala nimefua mara tatu, gari nimefungua milango yote, na leo nimempeleka mtoto madrasa, ustadhi ameinama dirishani kunisalimia, akanyamaza, akaniangalia, akasema mzee, uko salama?